Nzuri, Ila

Jumapili, 15 Juni

Leo mapumziko ya mchana yameanza. Kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa hakuna kufanya kazi juani, hadi katikati ya Septemba. Kasian ameipokea kama sikukuu. Tulikutana baada ya misa pale Oud Metha, tukabanana kwenye kivuli cha ukuta na juisi zetu, akaniambia, "Dada, sasa nitalala mchana kama bosi." Kasian ni mdogo wangu, tumbo moja. Yeye anafunga nondo kwenye majengo, mimi niko ofisini kwenye kiyoyozi. Ni mimi niliyemtumia namba ya wakala wa kazi za huku kwa Waarabu, na Mama hajaacha kunikumbusha: "Auleria, huyo mtoto uko naye wewe huko."

Naandika kwa sababu Proscovia, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja huku International City, amesema nikiendelea kuongea peke yangu jikoni atahama. Basi nitaongea na karatasi. Na yeye mwenyewe nitamwandika, asubiri tu.

Jumatatu, 16 Juni

Mradi mpya umeanza. Nimejaribu kumweleza Proscovia tunachofanya, akaniambia hiyo si kazi. Sisi hatupimi watu, tunapima vile vinavyopimia watu. Kampuni moja inayoendesha kambi za wafanyakazi inataka kujua kila kambi ina afya kiasi gani. Kuuliza maswali arobaini hawataki, wanataka machache yatakayowapa picha. Daktari Ibtihal, bosi wangu, Msudani, amepewa majira haya ya joto aamue ni viashiria vipi vinaaminika na vipi vitupwe. Mimi napigia simu wanaoongea Kiswahili na kuwauliza maswali yote, kisha Hashir wa takwimu anachambua majibu.

Madam Ibtihal ametukalisha akatufundisha. Kiashiria lazima kiulizwe mambo matatu. Je, kinapima kile kinachodai kupima? Mtu akiwa vilevile, kinatoa jibu lilelile leo na kesho? Na mtu akibadilika, nacho kinabadilika? Anaongea taratibu, na tobe yake, ile shuka ya Kisudani ya kujitanda, inamponyoka begani kila mara, anairudisha bila kukatisha sentensi. Nimempenda. Hashir sijampenda, anatafuna karanga anapoongea na mtu.

Swali la kwanza nimelitafsiri mimi mwenyewe: "Kwa ujumla, afya yako ikoje?" Majibu ni nzuri sana, nzuri, ya wastani, mbaya, mbaya sana. Madam anasema swali hili moja linatumika duniani kote, na mara nyingi mtu akijisemea mwenyewe hakosei sana. Nilimfanyia majaribio Kasian kwa simu.

"Nzuri tu dada, ila mgongo..."

"Jibu ni moja, usinichanganyie."

Tukacheka. Nikabonyeza nzuri.

Jumamosi, 21 Juni

Joto. Nimefua, zimekauka kabla sijamaliza kuanika.

Alhamisi, 26 Juni

Hashir amekuja mezani kwangu na karanga zake. "Watu wenu hawaugui?" Anasema nikilinganishwa na wenzangu wanaopiga simu kwa Kihindi, Kiurdu na Kibangla, majibu yangu yamepanda juu hayafanani na ya mtu. Watu wa Afrika Mashariki karibu wote ni nzuri na nzuri sana. Kambi ya kina Kasian, iliyojaa Watanzania, Wakenya na Waganda, ndiyo inaongoza kuliko zote. Nikamwambia ni ugali. Nilijisikia vizuri, siwezi kusema uongo. Halafu mimi ndiye mwepesi kuliko wote ofisini. Nauliza, anasema nzuri, nabonyeza, naenda la pili. Akianza kunijia na ila, ila, namwambia "sawa kaka, tuendelee," maana nyuma yake kuna foleni ya namba.

Jumapili, 6 Julai

Kasian amekuja kanisani na kandambili. Nikamuuliza anamwendea Mungu na kandambili tangu lini. Anasema viatu vinambana, miguu imevimba kwa ajili ya joto. Amepungua uso. Hakumaliza hata sambusa, yeye ambaye tukiwa wadogo alikuwa anamaliza zake anahamia zangu.

Nikamwambia anywe maji. "Nakunywa jioni, dada. Mchana nikinywa nitakojolea wapi? Choo kiko chini, lifti inapandisha mzigo, ukishuka kwa ngazi msimamizi anakuona, ni yalla yalla, haraka haraka, mpaka unajuta." Mgongo unamsumbua, kuna vidonge vya maumivu anapewa na Rama, wanalala naye chumba kimoja kambini. Kila siku anameza.

"Lakini wewe ni mzima?"

"Mzima kabisa. Uchovu tu."

Ana miaka ishirini na sita. Nikaona kweli, ni uchovu.

Jumanne, 8 Julai

Mteja wetu, ile kampuni ya kambi, hakusubiri tumalize. Amechukua majibu ya mwanzo ya swali la kwanza na kuzipaka kambi rangi: kijani, njano, nyekundu. Ya kina Kasian ni kijani. Daktari aliyekuwa anakwenda pale kila jioni amehamishiwa kambi nyekundu, na kina Kasian watamwona Jumanne tu. Hashir anasema ina mantiki, daktari apelekwe waliko wagonjwa. Na mimi nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Nilitikisa kabisa.

Jumatano, 9 Julai

Unyevu umezidi. Ukitoka nje miwani inaingia ukungu, unasimama kwanza kama kipofu.

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimepigwa na kitu, na sijui pa kukiweka.

Nilimpigia mwashi mmoja, Idd, mtu wa Tanga. Sauti ya kistaarabu. Afya yako kwa ujumla ikoje? "Nzuri sana dada yangu, alhamdulillahi, hofu kwako." Nikabonyeza nzuri sana. Tukaendelea, usingizi, chakula, kukohoa. Tulipofika kwenye macho akasema, "Aa, hapo. La kushoto halioni."

"Halioni vizuri?"

"Halioni. Tangu wiki iliyopita. Na kichwa upande huo kinaniuma, nalala nimekaa."

Nikakasirika, nikidhani ananichezea. Nikamwambia, kaka, si umeniambia sasa hivi afya yako ni nzuri sana?

Akasema kwa upole, kama anamweleza mtoto: "Dada, pale ulikuwa unanisalimia, nikakuitikia. Sasa ndiyo unaniuliza."

Nilimwelekeza aende hospitali leo hii, asisubiri. Simu ikakatika, au alikata. Nikabaki nimeshika kichwa. Watu wote wale. Mwezi mzima nimepiga simu, na sikuuliza mtu yeyote chochote. Nimesalimia. Nimewasalimia watu mamia, wakaniitikia kwa adabu, nikaandika kwamba wana afya.

Hivi mimi sikulijua hilo? Mimi niliyezaliwa nikiambiwa jibu nzuri kwanza, shida baadaye? Wageni wakija kwetu Mbinga, Babu yuko kitandani wiki ya tatu, wanauliza habari za hapa, Mama anajibu nzuri, karibuni, ila mzee hajaamka vizuri. Ndivyo tunavyoongea. Anayeanza na shida anaonekana hana malezi. Nilijua yote hayo. Nilipovaa zile spika za masikioni nikawa sijui.

Jumanne, 15 Julai

Nimemweleza Madam Ibtihal. Nilianza kwa mzaha ili asinione mjinga: "Madam, kwetu hata ukifika msibani ukauliza habari za hapa, utajibiwa nzuri, ila tumefiwa."

Alicheka. Akasema kwao Sudani ni hivyohivyo, mtu nyumba imemwangukia atakwambia tamam, salama, alhamdulillah, kisha ndiyo atakuonyesha mguu. Halafu akaacha kucheka. Akairudisha tobe begani akauliza, "Kwa hiyo hiki hakipimi afya. Kinapima nini?"

"Adabu, Madam."

Akaandika kwenye ubao, kwa Kiarabu, sijui aliandika nini. Amekubali tufanye jaribio. Nitawapigia watu walewale, lakini swali la kwanza litakuwa la mwisho. Mtu aulizwe kwanza mkojo, usingizi, miguu, ngazi, mpaka salamu zimwishie. Ndipo aulizwe kwa ujumla afya yako ikoje. Na akisema "ila", nisubiri.

Proscovia anasema Uganda wanajibu "gyendi", maana yake nipo. "Hata nikiwa nakufa nitasema nipo. Si nakuwa bado nipo?" Yeye ni mlinzi kwenye duka kubwa, anasimama siku nzima, jioni anaweka miguu yake ukutani. Nilimuuliza miguu ikoje. Akasema, "Leo umeniuliza vizuri," akalia. Sikutarajia. Nilimchemshia maji ya chumvi aloweke.

Jumapili, 20 Julai

Kasian hakuja misani. Amesema wana kazi ya ziada.

Jumatatu, 28 Julai

Jaribio limekwisha. Wale waliokuwa nzuri na nzuri sana karibu wote, sasa hawafiki nusu. Watu ni walewale, wiki mbili tu zimepita. Wengine waliniambia mambo ambayo hayako hata kwenye maswali yangu. Mwanamke mmoja wa Kisumu, mfanya usafi, nilipomaliza aliniuliza, "Sasa hii yote nimesema, inaenda wapi?" Nikamjibu inaenda kwenye ripoti. Akasema sawa.

Hashir ameangalia namba zake, akaacha karanga. "Hii ni mbaya sana," akasema. Madam amefurahi kwa namna ya watu waliosoma, maana tumegundua kitu. Na mimi nimefurahi. Tumekaa pale tunafurahi.

Halafu nikiwa kwenye basi kurudi nyumbani nikakumbuka: kambi ya kina Kasian bado ni ya kijani, na daktari bado anakwenda Jumanne tu.

Jumapili, 3 Agosti

Hakuja tena. Nimempigia.

"Habari yako, mdogo wangu?"

"Nzuri tu, dada. Nimejilaza."

Nikasubiri. Siku hizi najua kusubiri. Nikasikia kiyoyozi cha chumba chao kinavyonguruma.

"Ila nini, Kasian?"

"Ila natapika. Siyo sana. Na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, halafu hauji." Akacheka kwa aibu, anaongea mambo ya mkojo na dada yake. "Nilikwenda kwa daktari Alhamisi ya wiki iliyotangulia, nikakuta kufuli. Wameweka karatasi, Jumanne tu. Jumanne hii iliyopita basi la kazini lilituchelewesha, nikakuta foleni, daktari akaondoka kabla sijafikiwa. Jumanne ijayo nitawahi."

Jumanne ijayo. Nikamwambia avae, nakuja na teksi. Akasema dada usijisumbue, ni uchovu. Nikamtukana. Sijawahi kumtukana tangu utoto.

Jumatano, 6 Agosti

Figo. Zote mbili.

Sijui niandike vipi kwa mpangilio. Tulipofika pale hospitali Jumapili, mapokezi walimuuliza yuko vipi, akasema fine, fine, sir, wakamkalisha pembeni. Alikaa anatabasamu na ule uso uliovimba. Nikaenda dirishani nikawaambia hakojoi, hakojoi tangu jana, anatapika, kwetu sisi fine ni salamu. Nilipaza sauti. Watu waligeuka. Ndipo wakampima damu, na baada ya hapo mambo yakaenda mbio, mashine, mipira, sahihi.

Daktari kijana wa pale, mpole, ameniambia huenda ni joto, kukosa maji na vile vidonge vya maumivu vikishirikiana kwa muda mrefu. Nikamuuliza, angekuja mwezi mmoja nyuma? Akaangalia karatasi. "Mwezi mmoja nyuma tungekuwa na nafasi kubwa zaidi." Mwezi mmoja nyuma daktari alikuwa anakwenda kambini kila jioni.

Mama amepiga. Nikamwambia Kasian ana malaria kidogo. Huku hakuna malaria, Mama hajui.

Jumapili, 10 Agosti

Amesafishwa damu mara tatu. Amepata rangi kidogo, anatania wauguzi. Anataka nimwahidi hatarudishwa nyumbani. "Nikirudi hivi, dada, ile mashine nitaipatia wapi? Kule kwetu foleni yake utaisikia redioni." Nikamwahidi. Kazi yangu sasa ni hiyo moja, Kasian abaki hapa karibu na mashine mpaka asimame. Nimemwambia na Mungu pia.

Alhamisi, 14 Agosti

Kampuni yake imeandika kwamba atarudishwa kwao "akapumzike". Nimekwenda ofisini kwao, nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka wakafunga. Kafeel, mdhamini wake wa visa, hapatikani, karani anasema inshallah.

Jumatano, 20 Agosti

Kikao na mteja. Nilimwomba Madam anichukue, akanichukua.

Alikuja Bwana Yaqoub, msimamizi wa afya wa kampuni ya kambi. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Alinivutia kiti. Madam Ibtihal aliwasilisha vizuri sana. Akasema swali la kwanza kwa watu wa Afrika Mashariki halipimi afya, linapima malezi, ama litupwe ama liulizwe mwisho. Akaonyesha majibu ya kwanza na ya pili, sambamba. Akasema rangi za kambi zifutwe na daktari arudishwe.

Bwana Yaqoub alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema swali moja lenye jibu moja linaeleweka hata kwa arbab, tajiri mwenyewe, lakini maswali arobaini hayaeleweki. Rangi zimekwishapelekwa juu, zimekwishapongezwa. "Nikienda kuwaambia kijani ilikuwa salamu, watanicheka. Msimu ujao tutarekebisha, inshallah. Kwa sasa, khalas, yameisha."

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Nikasimama. Nikamwambia mdogo wangu yuko kwenye ile kambi ya kijani, alikwenda kwa daktari akakuta kufuli, sasa yuko kwenye mashine, na wanataka kumpandisha ndege. Nikamwomba. Niliomba kwa Kiingereza, kikaniishia, nikamalizia kwa Kiswahili, na nadhani alielewa.

"Pole sana, sister," akasema. "Nitaulizia. Lakini mtu mmoja si idadi ya watu."

Hapo ndipo nilipomwangalia Madam Ibtihal. Nilitegemea aseme kitu. Alikuwa anaiangalia meza. Yeye ndiye aliyetufundisha maneno hayo hayo wiki ya kwanza, usinionyeshe mtu mmoja, nionyeshe watu. Nadhani aliyasikia yakirudi.

Ijumaa, 22 Agosti

Bwana Yaqoub hajanijibu.

Jumatano, 27 Agosti

Visa imefutwa. Tiketi ni ya Jumapili.

Nilikuwa nimelaza kichwa mezani, Hashir akaja akakaa kwenye kiti cha wageni, bila karanga. Nikamuuliza Kasian anaonekana wapi sasa kwenye hesabu zake. Hakutaka kunijibu. Nikamshikilia.

Akasema pale kambini kuna kiashiria cha pili, vifo kwa kila wafanyakazi elfu. Juu unaweka waliokufa, chini unaweka walio kwenye orodha. Mtu akifutiwa visa anatoka chini. Na akishatoka chini, hata likimpata jambo, hawezi kuhesabiwa juu.

"Kwa hiyo akifa kwetu?"

"Hapa hakufa mtu."

"Na kambi?"

"Inabaki kijani. Inakuwa kijani zaidi, Auleria, kwa sababu mgonjwa mmoja ameondoka." Alisema polepole, akiwa ameinamisha macho. Kisha akaniuliza ndege ni saa ngapi. Ana gari.

Nilimdhania vibaya huyu mtu tangu Juni, kisa karanga.

Jumapili, 31 Agosti

Ameondoka.

Hashir alitupeleka. Rama alikuja kutoka kambini na begi la Kasian, amelifunga kwa kamba vizuri, kila kitu kimekunjwa. Kasian alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa viatu. Nilishangaa, miguu ilikuwa imepungua, viatu vinaingia. Alijionea fahari. "Umeona, dada? Napona."

Nilitaka kumwambia samahani kwa ile ahadi, akanizuia. Akasema nisianze, watu wanatuangalia. Akaanza kunikumbusha jinsi nilivyomfungia chooni siku ya Krismasi kwa sababu alikula kipande changu cha kuku. Tukacheka sana. Dada mmoja wa shirika la ndege, Mkenya, alikuja kumsukuma, akainama akamsalimia, "Habari yako, bro? Uko poa?"

"Poa kabisa," akasema Kasian. "Niko fiti."

Niliuma mdomo. Nikamvuta yule dada pembeni nikamwambia huyu si poa, akikwambia poa usimwamini, mwangalie kila mara. Akanihakikishia atamwangalia. Kasian alinipungia mkono bila kugeuka nyuma, alijua nalia.

Njiani Hashir hakuwasha redio.

Alhamisi, 4 Septemba

Amefika. Mama amemwona na amejua kwamba haikuwa malaria. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Mashine iliyo karibu nao haina nafasi mpaka wiki ijayo, wameandikishwa.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeongea naye. Habari? Nzuri. Nilisubiri, nikasubiri sana. Hakusema ila. Alisema amechoka, akampa Mama simu.

Jumanne, 9 Septemba

Ripoti imetoka. Ni nzuri kuishika, karatasi nzito, kwenye jalada mfanyakazi amevaa kofia ngumu anacheka. Viashiria vitano vimechaguliwa, na cha kwanza ni kilekile, swali lilelile, mahali palepale. Kambi ya kina Kasian ina picha yake peke yake. Vifo msimu huu: hakuna.

Nimetafuta jaribio letu. Liko chini ya ukurasa wa mwisho kabisa, kwenye tanbihi ya herufi za kukodolea macho: "majibu yanaweza kuathiriwa na desturi za maamkizi." Na chini yake sahihi ya Daktari Ibtihal.

Nilikwenda ofisini kwake nikaweka kidole pale. Sikubisha hodi. Nikamwambia, "Madam, umemweka mdogo wangu kwenye tanbihi."

Akasema asiposaini yeye, atasaini mwingine, na hiyo tanbihi haitakuwepo. Akasema msimu ujao. Akasema ana watu wake Omdurman wanaomtegemea. Yote ni kweli. Nilimwangalia ile tobe inavyomponyoka, safari hii hakuirudisha. Mtu niliyempenda mwezi wa sita ni huyuhuyu, hajabadilika. Pengine ni mimi sikumuuliza vizuri.

"Auleria," akaniita nikiwa mlangoni. "Keifik? Uko vipi wewe?"

"Alhamdulillah, Madam," nikasema. Na mimi ni Mkatoliki.

Alhamisi, 11 Septemba

Joto limepungua kidogo jioni. Watu wameanza kukaa nje kwenye majani pale chini, wanacheka. Nimefunga dirisha.

Jumapili, 14 Septemba

Kasian amefariki. Naandika hivyo kwanza, wazi, maana wote tulioongea naye msimu huu hatukusema jambo lolote moja kwa moja.

Amefariki jana usiku, kabla nafasi ya mashine haijafika. Kesho mapumziko ya mchana ndiyo yanafika mwisho, na Rama ameniandikia kwamba wameambiwa kuanzia keshokutwa kazi ni kama kawaida. Hashir ametuma neno moja tu, pole, ameliandika kwa Kiswahili, sijui alimuuliza nani. Proscovia yuko hapa. Hajaenda kazini, amekaa chini amenishika kifundo cha mguu, haniulizi kitu.

Nataka nikumbuke simu ilivyokuwa, kabla watu hawajaanza kunisimulia wanavyotaka wao.

Ilikuwa asubuhi, navaa kwenda misani. Nikaona jina la Mama. Mama hanipigii asubuhi. Nikapokea, na kabla sijafikiri kitu mdomo ukaenda wenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri, Mama. Habari za hapo nyumbani?"

Nyuma yake nilisikia watu wengi. Nikasikia viti vinaburutwa nje, na sauti ya mama mdogo, ambaye anakaa mbali na hawezi kuwa pale alfajiri bila sababu.

"Nzuri," akasema Mama.

Akanyamaza. Majira yote haya nimejifunza kusubiri kinachofuata. Nimewasubiri wageni kwenye simu, nimewavumilia mpaka waseme. Leo nilisimama na kiatu kimoja mguuni nikamwomba Mama, kimoyomoyo, aishie hapo. Aseme nzuri, anyamaze, akate simu, nibonyeze nzuri niendelee la pili.

"Ila," akasema.